Merikebu ya Mwinyikombo Isiyokwisha

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ambapo papa hawajaota meno na mimi nilikuwa mzuri kuliko ninyi nyote (wewe, usicheke!), palikuwa na mji wa mafundi wa merikebu. Desturi yao ilikuwa moja: huozwi binti wa fundi mpaka umpelekee babake merikebu ndogo, ukubwa wa paka, uliyoichonga mwenyewe.

Mwinyikombo alimpenda Mwanaeshe, binti Fundi Shee. Akashika patasi. Akaanza na mlingoti, ukatoka kama mguu wa kuku. Akachonga, akachonga, mkono ukaiva. Alipofika nyuma, akatazama mbele. Loo, aibu! Akang'oa mbele, akachonga upya. Sasa mbele ikaishinda nyuma. Akang'oa nyuma! Ng'oa mbele, chonga mbele. Ng'oa nyuma, chonga nyuma. Watu wakimuuliza, jibu lake lilikuwa lipi? Semeni nami: "Bado kidogo tu!"

Miaka tisa! Mwanaeshe akachoka, akamfuata karakanani.

"Mwinyikombo, wenzangu wamezaa, watoto wao waniita shangazi. Wewe wanioa mimi ama waoa ubao?"

"Bado kidogo tu, mpenzi. Mlingoti huu niliuchonga nikiwa mjinga."

"Na sasa?"

"Sasa mimi ni fundi."

"Basi mwakani utasema leo pia ulikuwa mjinga!"

Akainyakua merikebu, akaitia ndani ya kanga, huyoo kwa babake. Mwinyikombo nyuma, patasi mkononi: "Mlingoti! Niache niuguse mlingoti tu!"

Fundi Shee, kwa kungoja, macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Akapapasa.

"Mlingoti huu kachonga punda."

"Ni mimi, baba," Mwinyikombo akajibu, jasho likimtoka.

"Huku mbele kachonga mwanagenzi."

"Ni mimi."

Vidole vikafika nyuma, vikatulia. "Hapa pamenishinda hata mimi. Nani?"

"Ni mimi vilevile."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wenzako huniletea kazi laini kotekote, nikajua wamemtuma fundi awachongee. Hii ni ya mtu mmoja, tena nimemsikia akikua. Harusi Ijumaa! Na hiyo patasi mnyang'anyeni."

Basi jueni: kazi yenye kovu iliyofika yaishinda nzuri iliyobaki karakanani. Mimi sikuwa na kovu, nilizaliwa fundi, lakini si kila mtu kajaliwa.

Kisa kimetia nanga. Asiyekipenda aruke majini, akatafute chake.