Ilariana na Dengu za Gerezani

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, Kaisari alipowatesa Wakristo, katika mji wa Tamusi palikuwa na mjane mcheshi aitwaye Ilariana. Kila asubuhi alipeleka chungu cha dengu gerezani, akawalisha waamini na wasioamini, na bawabu Makario naye akapata sahani yake.

Ikatoka amri: kila mtu afukize ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, atakayekataa atauawa. Liwali wa mji alimstahi sana Ilariana, kwa kuwa mjane huyo alimuuguza mkewe hadi akapona. Akamwita faraghani.

"Mama, mpiga mbiu atatangaza kwamba umekwisha kufukiza. Wewe kaa nyumbani. Sikuombi useme uongo, nakuomba unyamaze tu."

"Mungu akulipe kwa huruma yako, mheshimiwa," akajibu Ilariana. "Lakini nikinyamaza, nitakuwa nimesema uongo kwa kinywa cha mwingine. Na wale ninaowalisha wataamini kwamba nimemkana Bwana."

Kesho yake mbiu ikapigwa sokoni. Ilariana akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, jina langu limetajwa kwa makosa. Sijafukiza, wala sitafukiza."

Liwali akainamisha kichwa, akaamuru akamatwe.

Gerezani wafungwa walimlilia. Mmoja akauliza, "Bibi, sasa nani atatupikia?"

"Makario," akasema Ilariana.

Makario hakuwahi kushika mwiko maishani mwake. Siku ya kwanza aliunguza dengu, siku ya pili akazidisha chumvi. Ilariana alikula zote, akimwelekeza kupitia tundu la mlango: "Punguza moto, mwanangu. Dengu hazijakukosea kitu." Wafungwa wakacheka, na hofu ikawapungua. Siku ya saba dengu ziliiva vizuri. Ilariana akamaliza sahani, akamshukuru mpishi, akawabariki wenzake, akauendea upanga kwa uso mkunjufu.

Makario alibatizwa mwaka uleule, na hakuacha kupika mpaka uzeeni. Husimuliwa kwamba katika sikukuu ya shahidi huyo, wanaume wa Tamusi ndio walioingia jikoni, wake zao wakiketi kuwakosoa, kisha vyungu vyote vikapelekwa gerezani.

Wapendwa, Ilariana aliukataa uongo ambao hata asingelazimika kuutamka mwenyewe, na Mungu akamjalia furaha ambayo upanga haukuweza kuigusa. Nasi atujalie ukweli wa namna hiyo, na uchangamfu wa kuubeba.