Mtoro Aliyejileta

Koplo Lutengano alipigwa risasi ya paja vitani, lakini cheti chake cha kuachishwa jeshi kiliandikwa "mtoro". Kwa neno hilo alinyimwa matibabu zaidi katika hospitali ya jeshi. Mwaka mzima alichechemea hadi kwa Kapteni Shilatu, mtunza kumbukumbu, akiomba lisahihishwe. Kapteni hakuwahi hata kuifungua barua ya daktari aliyemtoa risasi, ambayo Lutengano alikwenda nayo kila mara.

"Faili halikosei," alisema akichokonoa meno. "Labda ulijikwaa ukikimbia."

"Basi nimwone Kanali, afande."

"Kanali aonane na wewe? Toka!"

"Natoka. Ila nigongee muhuri kwamba cheti hiki ni sahihi, nisikusumbue tena."

Kapteni alicheka, akagonga muhuri, akatia sahihi, akaitupa karatasi sakafuni. Lutengano aliiokota, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa polisi wa jeshi pale getini.

"Mimi ni mtoro," aliwaambia. "Ushahidi huu hapa, umegongwa muhuri leo. Nikamateni."

Wakamshika huku na huku, wakampitisha mbele ya mlango wa Shilatu hadi kwa Kanali, kwa kuwa kila mtoro aliyekamatwa hufikishwa kwake siku hiyo hiyo.

"Siku hii iliyoandikwa kwamba ulitoroka, ulikuwa wapi?" Kanali alimuuliza akisoma cheti.

"Kitandani hospitalini kwenu, afande, nikitolewa risasi," Lutengano alijibu, akamkabidhi barua ya daktari yenye tarehe hiyo hiyo.

Jioni hiyo Kapteni Shilatu alichapa cheti kipya kwa vidole viwili, huku Lutengano amesimama nyuma yake akimtajia herufi moja moja.