Mpagazi Kwenye Picha ya Nakunda

Wapendwa, sikilizeni habari za mama mmoja, Nakunda, mshonaji wa nguo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na shemeji zake wakawa wanamcheka kwamba hata ngazi za kanisani zinamshinda. Basi akaamua kupanda Kilimanjaro. Akafanya mazoezi mwaka mzima, akipandisha vilima na fimbo yake, majirani wakitikisa vichwa.

Na alipanda kweli. Lakini karibu na kilele goti likagoma. Akaketi juu ya jiwe, akalia. Mpagazi mmoja, mtu wa makamo aitwaye Ombeni, akainama karibu yake.

"Mama, niegemee. Miguu ni yako, mimi ni ukuta tu."

Wakaenda hivyo, polepole, mpaka kwenye kibao cha kileleni. Hapo wakapigwa picha, Nakunda amemwegemea Ombeni, wingu zito nyuma yao.

Nani kati yetu asingejivuna? Aliporudi mjini akaipeleka picha kwa fundi ichapishwe kubwa, itundikwe sebuleni shemeji waione.

Fundi akaifungua kwenye kompyuta. Kwanza akaongeza mwanga, maana weupe wa theluji ulikuwa umeufanya uso wa mama uwe giza. Nakunda akakubali, sura ile ni yake, alisema, kamera tu haikuiona vizuri. Fundi akataka kuweka anga la buluu. Hilo akalikataa, akasema siku ile kulikuwa na wingu, na wingu libaki.

"Na huyu mpagazi je?" fundi akauliza. "Anakuharibia picha. Nikimtoa, kila mtu atajua umepanda mwenyewe."

Hapo, wapendwa, mama hakujibu. Yeye aliyekataa anga la uongo, sasa kimya! Alikuwa anawawaza shemeji zake. Fundi akadhani amekubaliwa, akabofya, na Ombeni akatoweka.

Nakunda akaitazama picha. Akajiona amepinda upande, bega limelalia hewa, kama mtu anayeporomoka. Kilele kilikuwa kile kile, lakini mama yule wa kwenye picha asingeweza kusimama hata kidogo.

"Mrudishe," akasema.

"Watu watasema ulishikwa mkono."

"Waseme. Ndivyo nilivyofika."

Shemeji zake walipokuja, aliwasimamisha mbele ya ile picha, kifua mbele, akawaambia, "Huyu ni mimi. Huyu ni Ombeni. Tulifika." Hakuna aliyecheka.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunasimama hapa kutoa ushuhuda: nimesoma, nimejenga, nimepona. Vema! Jivunie ulichopanda, ndugu yangu, ongeza mwanga tuuone uso wako vizuri. Lakini yuko wapi dada aliyeacha shule ili wewe usome? Yuko wapi jirani aliyekuogesha ulipokuwa hujiwezi kitandani? Na Mungu je, tumembakiza hata pembeni? Tumewafuta wote, tukadhani bila wao tutaonekana wakubwa zaidi.

Leo, kabla hujaketi mezani kula, mtafute mmoja wao. Kama yu hai, mpigie simu. Kama ametangulia, litaje jina lake watoto wako walisikie. Kisha ule chakula chako ukiwa umeinua kichwa.