Vioo vya Shamlan na Jini Aliyechoka

Ilikuwapo zamani dola ya Darsafa, chini ya Sultani Ghalibu bin Muniri, na mji wake ulikuwa na kuta za mawe meupe na soko lililotandwa hariri, na katika soko hilo hapakuwa na tajiri wa kumshinda Shamlan bin Rauhi, mwuza vioo. Na vioo vyake vilikuwa vya mkononi, ambavyo mtu akivisemesha humwona ndugu yake aliye nchi ya mbali na kuzungumza naye kana kwamba wameketi jamvi moja. Siri yake ilikuwa pete ya shaba, na ndani ya pete alifungwa jini, jina lake Kamtari, ambaye ndiye aliyevitengeneza.

Na watu wa Darsafa walinunua hisa katika biashara ya Shamlan, na kila asubuhi dalali mkuu alisimama sokoni akatangaza thamani yake. Miaka mingi thamani ilipanda tu, hata Sultani akaweka humo mali ya wakfu wa mayatima. Lakini kila mwaka watu walidai kioo kipya, chembamba zaidi na chenye nuru zaidi, na Shamlan akasugua pete, na Kamtari akatengeneza, na hakuna aliyemwuliza kama amelala.

Ndipo akaja kutoka nyuma ya milima Bibi Raihana binti Sahli, mwenye pete na jini wake, na vioo vyake vilikuwa sawa na vya Shamlan kwa nusu ya bei. Siku ile ile hisa za Shamlan zikaanguka, ingawa dukani kwake aliuza kama alivyouza jana, kwa maana wenye hisa walikuwa wakiihofia kesho.

Sultani akamwita barazani, akamwambia, "Ewe Shamlan, hatukukuita kukulaumu. Lakini mali ya mayatima imo mikononi mwako, nayo inayeyuka. Kabla mwezi haujaandama, tuletee kioo ambacho Raihana hana, hisa zipate kupanda. La sivyo tutaitwaa pete na kumpa mwingine."

"Nimesikia na nimetii, maulana," akajibu Shamlan, akarudi kwake akasugua pete.

Kamtari akatokea, na badala ya kusujudu akaketi sakafuni. "Labeka, bwana wangu. Niwie radhi kwa kukaa. Kioo nimekipunguza unene hata kinavunjika mkononi, nimekiongeza nuru hata kinaumiza macho. Cha mwaka huu ndicho cha mwaka jana, nimebadili rangi tu."

"Najua," akasema Shamlan. "Hakuna kilichobaki?"

Jini akasema, "Kimebaki kimoja. Kioo kinachomwita mwenyewe kila akikiweka chini, kwa sauti ya yule ampendaye, asiweze kukiacha. Hicho kitapandisha hisa zako kuliko zamani. Ila kijaribu wewe kwanza, ndipo uniamuru."

Shamlan akakipokea asubuhi, nacho kikamwita kwa sauti ya Salha, mkewe marehemu. Alijua kwamba Salha yuko kaburini, na bado aliitika. Alipoinua kichwa chakula kilikuwa kimepoa, na adhuhuri na alasiri zimempita, na watumishi wamesimama mlangoni wakiogopa kumsemesha. Akakiweka chini, kikamwita tena. Akakifunga kwa kitambaa, akalia.

Kisha akakichukua hadi kwa Raihana, akamkuta nyuma ya duka lake ameegemea ukuta na macho ameyafumba.

"Bibi, jini wangu amenipa hiki."

Raihana akakitazama kile kifurushi. "Wangu pia amenipa. Wenye hisa wangu wanataka nikiuze kabla hujakiuza wewe. Mimi kiliniita kwa sauti ya mwanangu aliyezama mtoni." Akakisukuma kifurushi kando, akasema, "Nikikataa peke yangu, utakiuza wewe."

"Na mimi nilikuwa nikikuogopa wewe vivyo hivyo."

"Basi twende kwa Sultani pamoja."

Wakaenda, wakaeleza yote. Sultani akauliza, "Na mayatima?"

"Nyumba yangu na bustani zangu za mitende ni zao, maulana," akasema Shamlan.

"Na zisipotosha, nitaongeza mimi," akasema Raihana.

Sultani akataka kukisikia kioo. Akakiweka sikioni, na wazee wa baraza wakauona uso wake ukibadilika. Aliyemwita hakumtaja mpaka kufa kwake. Akakirudisha, akasema kwa sauti ya chini, "Kivunjeni."

Kesho yake, habari zilipoenea kwamba vioo vyote viwili vimevunjwa, hisa za wote wawili zikaanguka hata zikakosa mnunuzi, na watu waliopoteza mali wakawatukana njiani. Shamlan akavua pete, akamwachia huru Kamtari, na Raihana akafanya vivyo hivyo kwa wake. Na majini hao wawili hawakuomba dhahabu wala falme. Waliomba chumba chenye giza, wakalala.

Shamlan akamwoa Raihana, wakafungua duka moja dogo la kutengeneza vioo vya zamani vilivyopasuka, na Mola akawapa riziki ya kuwatosha na ya kumkirimu mgeni. Basi enyi msikilizao, msimpime mtu kwa kelele za soko, wala msimtumikishe aliyechoka kwa kuwa tu hajalalamika. Waliishi hivyo hadi umri wao ukatimia, na jioni nyingi walikaa pamoja bila kusema neno, na hakuna kilichowaita.