Fungate ya Atuganile na Kamati Iliyofufuliwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe msiipeleke mbali, maana simu zilikuwapo na watu walishajifunza kudanganyana nazo, palikuwa na mji wa baridi huko milimani, mji wa viazi na ndizi, ambako bwana harusi huvaa sweta chini ya suti na hakuna anayemcheka. Katika mji huo Ipyana alimwoa Atuganile. Ipyana alikuwa fundi wa redio, mtu mpole sana, na upole wake wote ulikuwa huu: alikubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho. Atuganile alikuwa mzuri na alijua kwamba ni mzuri, na hapo mimi simlaumu, kosa lake linakuja mbele.

Harusi ilikuwa na kamati, kama harusi zote. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ambakisye, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa kuaminika, ndiyo maana hata kikundi cha kuzikana cha mtaani kilimpa yeye mfuko kuutunza. Likumbukeni hilo la mfuko, litarudi.

Kamati ikachangisha. Watu wa mji ule kwa kuahidi hawana mshindani duniani. Ukiwapa kalamu waandike ahadi, wanaandika mpaka wino unaona aibu. Kulipa ndiko kunakowaletea homa. Basi kamati, ikiwa imelewa ahadi, ikakaa na kusema: friji ni ushamba, kila maharusi wanapewa friji, sisi tuwape fungate. Wakaenda kwa wakala wa safari, kwenye ofisi yenye picha ya mnazi ukutani, kwa kijana mmoja anaitwa Gido, wakanunua kifurushi kizima: ndege, hoteli ya ufukweni, chakula, na gari la kuwapokea. Ukumbini wakaleta tiketi ya kadibodi kubwa kama mlango, mshereheshaji akaisoma kwa kipaza sauti, Atuganile akalia, mama mkwe akapiga vigelegele, na wajumbe wa kamati wakapita wakicheza, mikono juu, kana kwamba ndege wanairusha wao wenyewe.

Ndege ilikuwa iondoke Jumatatu. Jumapili jioni ukaja ujumbe kwenye simu: safari imesogezwa, mtaondoka Alhamisi. Na hoteli je? Hoteli ilikuwa Jumatatu mpaka Alhamisi. Yaani wafike, wapewe ufunguo, na mtu wa kuupokea awe amesimama nyuma yao.

Wakaenda kwa Gido wote: bwana, bibi na mwenyekiti. Siku hiyo Gido alikuwa na woga bado, woga mzuri, woga wa mtu aliyekosea na anajua. Akasema, "Jamani, mimi fedha yenu narudisha yote, hata leo. Au kama mnapenda, msubiri tarehe nyingine."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Atuganile akasema, "Mimi nimeshaaga watu. Nimeshaweka picha ya ile hoteli kwenye simu, mpaka walimu wangu wa sekondari wameiona. Nirudi mtaani na fedha mkononi kama mtu aliyerudisha sufuria yenye tundu dukani? Tutasubiri."

Mzee Ambakisye alikuwa na neno la kusema. Alilimeza.

Ipyana akasema, "Mke wangu amesema kweli."

Wakasubiri. Tarehe mpya ikaja, ikasogezwa. Nyingine ikaja, ikasogezwa. Huku nyuma kamati ikafanya kile kinachofanywa na kamati, ikajivunja. Mnajua kamati inavyovunjwa. Wajumbe hukutana, wakanunua mbuzi kwa kilichobaki, wakala, wakanywa, wakashukuriana kwa hotuba ndefu, na kuanzia hapo kamati haipo tena duniani. Mbuzi ndiye muhuri wake.

Na Atuganile akapata mimba akiisubiri fungate. Tumbo halingoji tarehe ya shirika la ndege. Akaanza kutapika asubuhi na jioni, hamu ya bahari ikamtoka, ndipo akarudi kwa Gido kuomba ile fedha aliyoikataa. Lakini Gido wa sasa hakuwa na woga tena. Alishajua kwamba hawa ni watu wa kusubiri. Akasema, "Dada yangu, mabadiliko si yetu, ni ya shirika la ndege. Waulize wao."

Shirika la ndege likasema, "Tiketi hukununua kwetu, ulinunua kwa wakala. Muulize yeye."

Hoteli ikasema, "Chumba kilikuwepo, mama. Ninyi ndio hamkuwepo. Muulize aliyewaleta."

Akarudi kwa aliyewaleta, na aliyewaleta akamtabasamia chini ya mnazi wake wa karatasi, akasema, "Mlikubali kusubiri kwa hiari yenu. Fedha ya namna hiyo hairudi." Wote walijibu kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyepandisha sauti. Ukitaka kumwibia mtu mchana kweupe, mwite dada yangu kwanza.

Mji mzima ukasema basi, hiyo imekufa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, naye ni Bupe, dada yake Ipyana, mfumaji wa masweta ya shule, mjane wa watoto watatu, mwenye mdomo ambao hata mbwa wa jirani waliuheshimu. Akamwambia Atuganile, "Wifi, mimi fedha hiyo naifuata Dar, kwenye ofisi kubwa ya kina Gido."

Atuganile alikuwa amelala ubavu, ameshika beseni. Akasema, "Ifuate. Ukirudi nayo ni yako. Mimi hata kuisikia sitaki."

Ipyana akasema, "Mke wangu amesema kweli."

Bupe akaiweka rehani mashine yake ya kufumia kwa mkopeshaji, akapata nauli, akapanda basi. Alipofika hakugomba na mtu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma kwa mkono. Kila mteja aliyeingia Bupe alimkaribisha kabla ya karani.

"Karibu, dada. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda na mume wangu ufukweni."

"Vizuri sana. Mimi safari ya kaka yangu naisubiri hapa hapa. Nimeanza na sweta la mtoto, ambaye wakati tunalipa hakuwepo hata tumboni. Kaa, kiti ni laini."

Dada huyo akakumbuka ana miadi mahali, akatoka. Akaja mwingine, akatoka. Akaja mzee na bintiye, wakatoka. Sweta lilipofikia kufumwa mikono, mkubwa wa ofisi akashuka mwenyewe ngazi, akasema, "Mama, fedha yenu itarudishwa. Tafadhali ondoka." Lakini watu wa namna hiyo hawaachii kitu bila kukifunga mguu. Akaongeza, "Itarudi ilikotoka. Aliyelipa ni kamati ya harusi. Kamati ikae, ituandikie, wajumbe wote, na fedha iende kwa mwenyekiti."

Kamati ipi? Kamati iliyeyuka na mchuzi wa mbuzi.

Basi ikabidi ifufuliwe. Bupe akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wajumbe, na wajumbe, watu wazima wenye mvi, swali lao lilikuwa moja: "Kutakuwa na supu?" Wakaja. Wakaandika. Fedha ikaja kwa Mzee Ambakisye. Na wajumbe wakasema kwa sauti moja, sauti tamu ya watu wenye njaa, kwamba kamati ikifufuliwa lazima ivunjwe upya, na haivunjwi kwa maji. Nitawaacha hapo na mbuzi wao, maana Bupe aliwaambia maneno siwezi kuyarudia na wakanyamaza.

Lakini kabla fedha haijafika, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Mtoto wa kike, mdogo, mzuri, na alikuwa akinyonya kidogo anaacha, anapumua kama aliyepanda mlima, ananyonya tena anaacha, na midomo yake ikageuka zambarau, na unajiambia ni baridi, unamfunika, unajiambia tena ni baridi, mpaka daktari anasema si baridi. Daktari alisema moyo una tundu. Akasema apelekwe Dar upesi, na asipelekwe kwa basi, njia ni ndefu mno kwa pumzi ile, apande ndege. Na ile ndege, ile ile iliyokuwa haina siku wala saa, siku hiyo ilikuwa tayari, inaondoka saa tisa alasiri, bila kusogezwa hata kidogo.

Asubuhi ya siku hiyo walikutana sebuleni kwa Mzee Ambakisye. Fedha ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa kitambaa. Atuganile amempakata mtoto. Bupe amesimama. Ipyana amekaa pembeni ya kochi, kama mgeni. Na nje barazani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa mama mmoja mwenye khanga kichwani, hasemi kitu.

Mzee Ambakisye akaanza. "Wanangu, nilikuwa na neno nikalimeza, leo linatoka. Ahadi za harusi hazikulipwa. Tiketi ya kadibodi ilikuwa imeshachorwa, nami ni mwenyekiti, nikaogopa aibu. Nikaziba pengo kwa mfuko wa kuzikana. Karibu fedha yote hii ni ya wafiwa. Yule mama pale nje amefiwa na mumewe. Marehemu alichanga mfukoni tangu kikundi kinaanza, na sasa amelala chumba cha maiti, hana jeneza. Yule mama hakucheza ukumbini. Hakula mbuzi. Fedha irudi ilikotoka."

Bupe akasema, "Baba mdogo, shikamoo yako naiheshimu, lakini uliiba kwa maiti ukawapa maharusi, na sasa unataka kunivua mimi ili umvishe maiti. Fedha hii ilikufa. Nani hapa aliililia? Nani aliichimbua? Leo jioni mashine yangu inauzwa. Watoto wangu wanakula kupitia ile mashine. Na wewe, wifi, sema mwenyewe hapa mbele ya kaka: uliniahidi au hukuniahidi?"

Atuganile akasema, "Nilikuahidi."

"Ulisema ni yangu?"

"Nilisema. Nilisema kabla sijazaa, wifi. Nilikuwa naongea kama mtu, sasa naongea kama mama, na mama hana ahadi, ana mtoto. Ndiyo, siku ya kwanza niliikataa kwa ajili ya picha. Nichekeni, mna haki. Lakini nilitangaziwa mimi, kwa kipaza sauti, na ninyi nyote mkapiga makofi. Zawadi ni ya aliyepewa. Na hata isingekuwa yangu ningeiomba. Mtazameni midomo."

Wakamtazama mtoto midomo. Kisha, kama watu wanavyofanya, wakatazama pengine.

"Tuigawe," akasema Mzee Ambakisye.

"Igawe," Bupe akamjibu. "Nusu ya tiketi haipandi ndege. Nusu ya jeneza haifuniki mtu. Nusu ya mashine haifumi. Igawe, baba mdogo, tuone."

Basi wakakubaliana jambo moja tu, kwamba kwa kuwa harusi ilikuwa ya Ipyana, aamue Ipyana. Wakamgeukia. Yule mpole akajifuta jasho, katika mji wa baridi, akaanza.

"Baba mdogo amesema kweli. Maiti ana haki yake."

"Haya," akasema Bupe, "na mimi?"

"Dada amesema kweli. Ahadi ni ahadi, na mimi nilikuwepo."

"Na mimi, baba Tupo?" akasema Atuganile, maana mtoto walishamwita Tupo.

"Mke wangu amesema kweli."

Bupe akacheka kicheko kibaya. "Kaka, wewe ni redio. Unashika kila stesheni. Leo shika moja."

Ipyana akanyoosha mkono juu ya mfuko, akauacha hapo hewani. Nje yule mjane alisikika akikohoa na kujifunga khanga upya. Mkopeshaji alikuwa amemtuma mtu, amesimama njiani anaangalia saa. Na ndani ya blanketi Tupo akaanza ile sauti yake, kupumua na kuacha, kupumua na kuacha, na wote wakanyamaza, kwa hiyo ikawa yeye ndiye aliyezungumza mwisho.

Mimi nimewafikisha mpaka kwenye mkono wa Ipyana, zaidi ya hapo siwezi, na msiniulize ndege iliondoka na nani. Mwenyekiti aliyeiba kwa sababu ya aibu, wifi aliyefufua kilichokufa na akaahidiwa, mama aliyekataa fedha kwa ajili ya picha na sasa anaitaka kwa ajili ya pumzi, na maiti ambaye hakumkosea mtu. Ninyi mliokaa hapa mkiwapakata watoto wenu, semeni, na semeni upesi, maana saa tisa haisogezwi: fedha ile ya fungate, je, nani aliistahili?