Feni ya Lori na Jina Moja

Vuuu. Kwaru, kwaru. Vuuuu.

Mmeisikia? Saa nane usiku hii, na ile feni imewashwa tena chumba cha mbele. Sogeeni karibu basi. Nina hadithi, ila msiniitikie kwa sauti, itikieni kwa kichwa tu, maana Ipyana wangu ana miezi saba, akiamka itabidi ninyamaze, na nikinyamaza kutakucha sijapata jibu, na jibu nalitaka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Siyo hapo zamani, ni wiki hii, siyo nchi ya mbali, ni hapa Tunduma, nyumbani kwangu. Palikuwa na watu watatu.

Gwakisa, mdogo wangu wa kuzaliwa naye, alijaliwa mikono. Ana kijiwe chake karibu na stendi, anachapa barua na kufufua kompyuta ambazo wenyewe wamekwishazililia.

Subilaga, wifi yangu, dada wa mume wangu, alijaliwa macho. Ni utingo wa malori, mwaka wa tano sasa, anaona jiwe barabarani kabla dereva hajaliona, lakini usukani hawampi, wanamwambia kashike kabari ya tairi, dada.

Anyitike, mume wangu, baba wa mtoto huyu, alijaliwa njia. Mfumbe macho atakutajia kona zote za kutoka mpakani hadi bandarini, moja baada ya moja, na ipi ina ukungu na ipi ina mama wa mahindi ya kuchoma. Ila mwaka jana lori lilimshinda kwenye mteremko wa Iwanga, likalala ubavu, na tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto haukandamizi klachi hadi mwisho.

Sasa sikieni. Chuo kimoja cha udereva kimetangaza kazi. Wana chumba cha kuigizia, wanafunzi wanaendesha lori kwenye kompyuta kabla ya kupewa lori la kweli, wanataka mtu wa kukaa mle, awafundishe na kuitunza mitambo. Mtu mmoja. Wakatoa gemu lao lenye njia yetu hii hii, ukungu wake na mteremko wake, wakasema pakia tani thelathini, ishushe Iwanga salama, mafuta yanahesabiwa, tuma rekodi pamoja na jina. Jina moja. Fomu yenye majina mawili inatupwa, na mwisho wa kutuma ni leo saa kumi na mbili asubuhi.

Na sisi tuna kompyuta! Ni yangu, niliichukua duka moja la kuchapa lilipofungwa, nzee, ukiiwasha unaweza kumnyonyesha mtoto, ukamcheulisha na kumbadilisha nepi, ndiyo iseme karibu. Tukaweka lile gemu. Lori likawa linatembea kama picha za albamu, moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Likifika juu ya mteremko kompyuta inaganda, inachemka, inazima. Mara tatu, pale pale.

"Dada," Gwakisa akasema, "hii siyo kompyuta, hili ni kabati lina waya."

Basi kila mmoja akatoa chake.

Gwakisa alitoa RAM. Aliifungua mashine yake ya kijiweni, ile inayomlisha, akachomoa vibao vyote viwili vya kumbukumbu akavipachika kwenye yangu, akapangusa vumbi la miaka, akapaka ule uji wa kupozea juu ya prosesa. Lori likaacha kuganda. Lakini kijiwe chake kimefungwa tangu Jumatano, na wateja wake wameonekana kwa jirani yake.

Subilaga alitoa kadi ya picha. Alivuka mpaka hadi Nakonde, kwa jamaa aliyekuwa na chumba cha magemu, akamfulia na kumpigia deki siku nzima ili apewe ile kadi. Ukungu ukaonekana ukungu, na kona ikaonekana ndani yake. Lakini aliporudi lori lake lilikuwa limeondoka, tajiri amepakia utingo mwingine, mwanaume.

Anyitike alitoa feni. Ile kadi ilikuwa inachemsha kompyuta nzima, inazima baada ya dakika kumi. Akaingia uvunguni, akatoka na kafeni ka kabini. Ndicho kitu pekee alichokitoa kwenye lori siku ile ya ajali, wenzake waliokota simu na viatu, yeye alitoka anachechemea na feni mkononi. Alikuwa hataki hata tukaguse. Akakata ubavu wa kompyuta kwa msumeno wa bati, Gwakisa akaunganisha waya, na ndiyo hiyo mnayoisikia. Inazunguka polepole, inakwaruza, lakini mashine haijazima tena.

Jana jioni wakaketi. Nani ataendesha? Anyitike akakataa, akamsukumia dada yake kibodi. Akakaa Subilaga. Gwakisa akawa anachungulia joto la mashine. Anyitike akakaa nyuma, akafumba macho, akawa anaisema njia.

"Kulia kidogo. Sasa kuna daraja. Shuka gia ya tano."

"Kaka, na kuona naona."

"Unaona cha leo. Mimi nakwambia cha mbele."

Wakafika Iwanga. Hapo wifi yangu akafanya kile ambacho utingo yeyote wa njia hii angekifanya. Mafuta si yanahesabiwa? Akatoa gia, akaweka nyutro, aliachie lori lishuke lenyewe, injini isinywe. Ndivyo alivyoona madereva wote wakifanya miaka mitano.

"Rudisha gia!" Jamani, sijawahi kumsikia Anyitike akipiga kelele ile. "Rudisha! Ndivyo nilivyofanya mimi! Subi, gia ya tatu, usiguse breki, acha injini ilishike!"

Akabonyeza. Na kompyuta ikamtii papo hapo, mnaelewa? Juzi ingeganda. Ile kona aliiona, juzi ilikuwa kiwingu cheupe. Gwakisa anasema joto lilikuwa limefika pale pale pa kuzimia, likasita, kwa sababu ya feni. Lori likaguna, likashuka, taratiiibu, likafika chini halina mkwaruzo. Tulilia wote. Hata Ipyana alilia, yeye kwa njaa.

Halafu, kwenye ugali, ikaanza.

"Bila vibao vyangu mngekuwa mnaangalia albamu," Gwakisa akasema, anacheka, lakini jicho halicheki.

"Na vidole vilikuwa vya nani?" wifi yangu akamjibu. "Vibao vinaendesha?"

"Vidole vyako vilituweka nyutro, dada Subi. Bila sauti ya shemeji tungekuwa bondeni."

"Haya, na wewe umejuaje? Kituo chako cha mbali kabisa ni stendi!"

Anyitike yeye alikuwa anamega tonge, halili, anamega tu. Mwisho akasema, "Mama Ipyana ndiye aliyetujazia fomu. Yeye ana cheti cha kidato cha nne. Aandike yeye jina." Wote wakanitazama. Wakakubali haraka, kila mmoja, na nikajua kwa nini.

Maana nilipokuwa naosha vyombo Gwakisa alinifuata, akasema, "Dada, mimi sisemi kitu. Ila mama alituzaa wawili tu."

Nilipokuwa namwogesha mtoto Subilaga alikuja, akashika taulo, akasema, "Wifi, hii ndiyo mara ya kwanza maishani nimepewa usukani."

Na mume wangu nilipopanda kitandani aliniambia, "Andika la Subilaga. Au la shemeji. Mimi nina mpango mwingine." Mpango gani, Baba Ipyana? Akavuta shuka. Lakini viatu vyake vya safari viko mlangoni, vimepigwa rangi, na mimi najua, kuna mtu ana lori bovu halina vibali, linapita Iwanga usiku wa Jumatatu, na madereva wazima wamelikataa. Kwa mguu ule! Akiketi kwenye kiti cha chuo, haendi. Asipoketi, anakwenda.

Sasa mtasema basi andika la mumeo, kuna nini hapo. Subirini. Nimechungulia mlangoni sasa hivi. Anaendesha peke yake gizani, uso wote wa bluu kwa mwanga wa kioo cha kompyuta. Anafika kileleni, pale inapoanza kushuka, anazima. Anaanza upya. Anafika, anazima. Nimemhesabia mara nne. Huyo ndiye nikamwandike akawafundishe watoto wa watu kushuka? Na yule aliyeshusha nimrudishe kwenye kabari ya tairi? Na yule aliyeng'oa kumbukumbu kwenye mashine yake, ndugu yangu wa pekee, nimwambie asante, kijiwe ukifungue kwa kitu gani?

Nimejaribu kupima nimeshindwa. Toa RAM, hakuna safari. Toa kadi na vidole, hakuna. Toa feni na ile sauti, hakuna. Simu ninayo hapa mkononi, fomu imefunguka, pale penye jina panapepesa kimstari, kinanisubiri mimi.

Sikieni. Feni imenyamaza. Amefika kileleni.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Usiseme kwa nguvu, njoo hapa sikioni, ninong'oneze. Nitaliandika nitatuma, na wale wawili walioachwa wakiniuliza, nitasema nimeamua mwenyewe, wanichukie mimi. Ulichonong'ona sitamwambia mtu mwingine.