Ndoo Nyekundu za Feruzi

"Aogopaye ndoo nyekundu huzima moto kwa mate." Mmecheka, vijana, mkauliza ni nani aliyewahi kuzima moto kwa mate. Nusura mtaa mzima! Chimbuko la methali hii ni hili.

Zamani, mji huu ulipokuwa bado wa makuti na taa za chemni, palikuwa na zimamoto mmoja, Feruzi bin Songoro. Mkewe aliitwa Mwanaidi. Wakubwa wa mji walikuwa na gari la zimamoto lenye injini, nalo lililala upande wao, kwenye nyumba za mawe, ambako hapakuwa hata na kuti la kuungua. Feruzi na wenzake, waliolinda mitaa ya makuti, walipewa mkokoteni wa kusukuma na ndoo ishirini za bati. Hilo lisisahauliwe.

Kila Ijumaa baada ya sala, Feruzi alizipaka ndoo zake rangi nyekundu uani, zisiibwe. Mwanaidi aliipenda siku hiyo. Harufu ya rangi ilichanganyika na ya mafuta ya nazi, maana jirani na shoga yake, Hidaya, alikuja kumsuka barazani, wakapiga soga hadi alasiri.

Ijumaa moja watoto wa mtaa walizichukua ndoo, rangi haijakauka, wakapikia mchanga. Mwanaidi akawafokea: "Guseni tu! Hizo za kukingia damu ya watoto watundu!" Wakatimka. Naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini siku zile mji ulijaa uvumi wa mumiani, watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwanyonya damu. Neno la Mwanaidi likaangukia humo. Kufikia Jumatatu wanawake kisimani walimkwepa: "Mke wa mnyonya damu huyo." Hidaya naye akaacha kuja na chanuo lake. Feruzi aliumia asijue chanzo. Mwanaidi alikijua, akanyamaza. Miezi minne alijisuka mwenyewe, mistari ikaenda upogo.

Adhuhuri moja ya kaskazi, jiko la Hidaya lilirusha cheche paani. Mkokoteni ukafika, Feruzi akaita watu wapange mstari toka kisimani wapokezane ndoo. Hakusogea mtu. Wanaume walishika mipini ya majembe.

"Rudi na ndoo zako, mumiani!" alipiga kelele Mzee Kibwana, fundi viatu. "Hata mchana kweupe huoni haya?"

"Mzee wangu, nyumba inakwisha!"

"Bora nyumba kuliko damu yetu!"

Mwanaidi alimwona Hidaya akiurushia moto mchanga kwa viganja, huku akilia. Akinyamaza, mtaa utateketea. Akisema, wote watajua ulimi ulioanzisha, na mumewe atajua.

Akainyakua ndoo nyekundu iliyojaa, akainywa mbele yao, maji yakimtiririka kifuani.

"Mbona damu yenyewe haina chumvi?" akauliza. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyewatisha watoto wasichezee rangi! Mnaogopa ndoo? Haya, temeni! Uzimeni kwa mate!"

Hidaya akampokonya ile ndoo. "Mwanamke mbaya wewe! Lete hapa!"

Mstari ukajipanga. Nyumba ya Hidaya ilikwisha, na ya Mzee Kibwana pia. Nyingine zote zilisimama.

Feruzi hakugomba. Ijumaa iliyofuata alimwekea mkewe kopo la rangi na brashi. "Leo paka wewe," akasema. "Na huo ulimi uupumzishe."

Mwanaidi alikuwa bado anapaka Hidaya alipotokea na chanuo, akaketi nyuma yake. "Kichwa gani hiki? Kama shamba lililolimwa na nguruwe!" Mzee Kibwana akapita, akauliza kwa upole kama ndoo za kutosha zipo.

"Unaziulizia za nini, babu?" Hidaya akapaza sauti, mtaa usikie. "Si mate unayo?"

Mzee Kibwana akacheka, kisha akajifuta macho.

Pale barazani sasa pana duka la simu. Mwenye chanuo na mwenye brashi wamekwenda, na gari la zimamoto lingali linalala upande wa wakubwa. Yamebaki maneno tu: aogopaye ndoo nyekundu huzima moto kwa mate.